Mfuko wa Kitu Kimoja

Nyinyi mnaokwenda sasa, na nyinyi mlioko huko mnaonipigia simu kuniuliza doa la zafarani hutolewaje, haya nawaandikia nyinyi. Mshahara sitautaja, kila mtu anaujua wake. Cheo nacho sina la kusema: siku ya kwanza nilikuwa kadama, mtumishi wa nyumba, siku ya mwisho nilikuwa kadama wa nyumba. Nitawaeleza habari ya mfuko. Nilishona mfuko wa kubebea bastola, nikaushona vizuri sana, na msichana aitwaye Kadzo wa Charo, wa Kaloleni, akafa. Katikati ya mfuko na kifo pana kosa langu, na hilo ndilo nataka mlijue, kwa kuwa ni kosa la watu kama sisi. Mwenye nyumba hawezi kulifanya.

Mimi ni Mishi wa Bakari, wa Likoni. Skuli niliachia darasa la tatu, lakini majina siyasahau. Mwalimu Mwadime alikuwa akisema kichwa changu ni rejista, majina yamejaa na hesabu hakuna. Kushona nilifundishwa na shangazi yangu Bi Fatuma, kwa cherehani ya mkono, kanzu na sare za watoto wa skuli. Mume wangu Rashidi alipofariki, cherehani haikutosha.

Ikaja ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, kila barabara ina ejenti, kila ejenti ana picha ya mnara mrefu ukutani. Wangu alikuwa Bwana Twalibu. Aliniangalia kichwani akasema, "Mama, hizo mvi zitie hina." Pasipoti ikatoka nimezaliwa miaka tisa baada ya kuzaliwa kwangu. Nikapanda ndege kwenda Riyadh nikiwa mdogo kuliko mdogo wangu Halima, na Halima hajanisamehe hadi leo.

Nyumba ilikuwa Malaz, ghorofa mbili za jengo la zamani. Mwenye nyumba wote walimwita Abu Turki; mimi nilimwita Baba. Mkewe Madam Nura. Baba alikuwa na ghala la matairi kule Sulay, anatoka asubuhi anarudi alasiri, kanzu nyeupe imekuwa na rangi ya barabara. Siku ya kwanza Madam hakunionyesha chumba changu. Alinionyesha sinia. Sinia la bati, liko juu ya mashine ya kufulia, na sheria yake ni moja: kabla nguo haijagusa maji, kila mfuko ugeuzwe nje kama ulimi, na kilichotoka kiwekwe hapo. Tasbihi, kalamu, misuwaki, funguo. Aliyekuwa kabla yangu alifua kitambulisho cha Baba, akarudishwa. Nikaelewa.

Wiki ile ile, Jumanne, nikatia mkono kwenye kanzu ya Baba nikashika kitu kizito. Nilidhani ni kufuli la ghala. Nikakivuta. Ilikuwa bastola ndogo nyeusi, haizidi kiganja changu, na kidole changu cha shahada kilikuwa kimeingia pale pale kisipotakiwa kuingia. Nikaishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Sikupiga kelele. Niliita kwa adabu, "Baba! Baba, taali, njoo!"

Baba akaja na fulana tu mwilini. Aliponiona akawa rangi ya unga.

"Mishi. Shwaya, shwaya, pole pole. Toa kidole."

"Nikitoe vipi, Baba?"

"Kidole tu. Mkono uache hapo hapo. Mdomo wake uangalie ukuta. Ukuta, siyo mimi!"

"Naogopa, Baba."

"Hata mimi naogopa. Toa kidole."

Nikatoa. Akaichukua, akaifungua, ikatoka risasi moja iliyokuwa tayari ndani. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, jasho linamtoka, na mimi nikakaa chini sakafuni. Tulikaa hivyo kama watu waliotoka kuchimba kisima.

"Baba," nikamwambia, Kiarabu changu kilikuwa cha kuokota, "hii ilikuwa inakaa na nini mfukoni?"

"Na funguo. Na misuwaki."

"Basi leo kimeingia kidole changu. Kesho ungeingia msuwaki."

Akaitazama tena ile risasi. Sidhani kama alikuwa amewahi kuliwaza.

Alianza kuibeba tangu watu walipomsimamisha njiani akitoka Sulay wakampiga. Kibali chake alikuwa nacho, karatasi imetiwa nailoni. Niliiona kwa kuwa nayo ilitoka mfukoni. Tabu haikuwa kibali, tabu ilikuwa kanzu. Kanzu ya kiangazi ya kule ni nyepesi, mwanga unapita. Bastola ikivuta upande mmoja, shingo yote inahama, mtu anatembea kama ameteguka bega. Akikaa sofani, chuma kinagonga mbao, ko, na wageni wanatazamana. Mle mfukoni inalala ubavu, mpini chini mdomo juu, mwenyewe hajui inaangalia wapi. Na vumbi la pamba limejaa kwenye tundu. Mtu amebeba silaha ya kumlinda, na silaha yenyewe inahitaji mlinzi.

"Wewe fundi?" akaniuliza siku ya tatu yake.

"Kanzu nashona, Baba."

"Nishonee mfuko."

Mimi sikujua mfuko wa kitu kile, na namshukuru Mungu kwamba wakati ule nilikuwa bado nina akili ya kusema sijui.

Mwezi wa joto familia ilihamia Jedda kwa mama yake Madam. Dereva Anwar akanipeleka kwa Bi Salma, mshoni wa Kizanzibari. Bi Salma alikuja Jedda yu mtoto wa kubebwa, mwaka wa sitini na nne, wazee wake walipoondoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki vile vile kilivyopakiwa. Marehemu mumewe, Bwana Nassor, alikuwa fundi wa ngozi, akishona ala za majambia na za bastola. Mume alikufa, mikono ya mke ikakumbuka.

"Weye Mishi, kanzu ndo unaijua?"

"Naijua, Bi Salma."

"Basi hujui kitu. Nguo ukikosea, mtu huona haya. Hii ukikosea, mtu haoni tena."

Nilikwenda kwake siku kumi na mbili. Alinifundisha kwamba mfuko wa bastola usining'inizwe kwenye kitambaa cha kanzu. Ushonwe kwa kitambaa cha drili nzito, na ushikwe na utepe mpana unaopanda ndani ya mshono mpaka kwapani, uzito uende begani. Mdomo wa mfuko upishe ngumi, maana mkono huingia wazi ukatoka umefumbata. Mfuko wangu wa kwanza ulipisha mkono kuingia, kutoka haukutoka. Bi Salma alinicheka mpaka akakohoa. "Jambazi keshafika, bwana kanasa kama ngedere kwenye kibuyu!"

Kisha ala. Ala ndiyo roho ya kazi yote. Ngozi nene, mikunjo miwili, inafunika kabisa kile kichuma kinachovutwa na kidole. Mpini peke yake ndio unaobaki nje, umesimama. Upande wa nje unakwaruzwa uwe wa kuparuza, ushikane na drili, ili bastola ikivutwa ala ibaki mfukoni. Na upande unaotazama watu unatiwa ngozi bapa, ukionekana kwa nje ni kama kitabu kidogo cha dua.

"Mfuko huu wa kitu kimoja," alisema. "Tasbihi haimo, ufunguo haumo, hata karatasi ya peremende haimo. Na bastola hutiwa kwenye ala juu ya meza, macho yanaona, mdomo ukutani. Kisha vyote viwili hutiwa mfukoni pamoja. Asiisukume bastola kwenye ala iliyomo mfukoni. Humo jicho halifiki."

Siku ya mwisho akanipa ala mkononi. "Ikunje."

Nikajaribu. "Haikunjiki."

"Siku itapokunjika, itupe. Usiitie mafuta, usiiroweke, usiionee huruma. Ngozi laini hujikunja kwa ndani, na ule ukunjo huingia pale mahala pa kidole, ukawa ndo kidole."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio haya mawili. Nayaandika hapa kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

Tuliporudi Malaz nikatia mifuko kwenye kanzu kumi na moja. Ala ilikuwa moja, na niliifunga kwa vifungo vinne vya kubana, ili siku ya kufua itolewe na ihamishiwe kanzu nyingine. Baba akavaa, akatembea sebuleni, akakaa, akainuka, akasujudu kwa kujaribu. Shingo ya kanzu haikuhama. Sofa halikugonga.

"Kama hakuna kitu!" alimwambia Madam. "Nura, tazama, kama hakuna kitu!"

Nilijivuna, wanangu. Nilikuwa kadama, lakini mtaa mzima wa Malaz haukuwa na mtu mwenye mfuko ule. Na kwa kujivuna nikaifanya ile ala kuwa yangu. Niliitoa mwenyewe, niliirudisha mwenyewe, sikumwonyesha mtu.

Mwaka wa pili akaja Kadzo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, ana mwanya, anacheka kabla hujamaliza kusema. Aliniita Mama Mishi tangu mlangoni. Mimi binti sikujaliwa. Nina Omari na Bakari, wote wawili ni wa kuulizwa ndipo wajibu. Kadzo hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa akipika anaeleza anachopika, akipanguza meza anaisema meza.

Kila Ijumaa, Baba akitaka kwenda msikitini, alifukizwa udi. Kwetu Pwani mnaijua kazi hii. Unainama na chetezo, unakipitisha chini ya upindo wa kanzu, moshi unapanda ndani, mtu anatoka ananukia. Kazi hiyo Madam alimpa Kadzo, maana magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa.

"Mama," Kadzo akaniambia akipepea makaa, "mimi mtu wa kanisani, namfukiza mtu wa msikitini. Mbinguni wataniandika wapi?"

"Watakuandika jikoni. Huko nako lazima kuna vyombo."

Akacheka mpaka majivu yakaruka.

Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuvunja. Alivunja dalla, birika la kahawa la mama yake Madam. Akaunguza kanzu ya Turki, mtoto wa kwanza, pasi ikaacha alama kama kwato. Madam akamwita mbele yangu akanyoosha kidole kimoja. "Kosa moja tena, ofisini. Halas." Ofisini maana yake ni kwa ejenti wa kule, ambako walioregeshwa wanakaa juu ya magodoro wakingoja nyumba yoyote iwachukue, na nyumba inayochukua pale haichagui, na wewe huchagui. Kadzo aliogopa kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akiogopa. Alikuwa akiniuliza, "Mama, hutawaacha wanipeleke?" Nami nikamjibu, "Maadamu niko, hawakupeleki."

Alhamisi moja palikuwa na wageni wa Madam, nami niko jikoni na sufuria tatu. Nikamwambia Kadzo, "Fua kanzu za Baba. Geuza mifuko." Akageuza yote, kama sheria ilivyo. Bastola yenyewe ilikuwa kabatini, Baba alikuwa akiifungia. Lakini ala ilikuwa imebanwa ndani ya mfuko wa drili, na Kadzo akadhani ni sehemu ya mshono. Nani alimwonyesha? Hakuonyeshwa na mtu. Maji ya moto, sabuni, saa nzima ya kuzungushwa.

Alikuja jikoni ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imevimba, imelegea, inatiririka.

"Mama, hii nini? Ni kitu cha Baba? Nimeharibu?"

"Nyamaza. Lete hapa."

"Nitapelekwa ofisini?"

"Nimesema nyamaza. Nenda kawape wageni chai, ucheke kama kawaida."

Nikaipeleka juu ya paa kwenye jua. Jua la Riyadh halina mchezo; alasiri ilikuwa imekauka, lakini imejipinda, ngumu kama gome, bastola haingeingia. Kesho ni Ijumaa. Bi Salma yuko Jedda. Ngozi nyingine sina. Ningemwambia Baba, "Ala imefuliwa, usibebe kesho," na angeniuliza nani kafua.

Nikachukua mafuta ya zeituni. Nikaikanda. Nikaikanda kama mtu anayekanda mgongo wa mtoto mwenye homa, huku namhurumia yule msichana, na kila nilivyomhurumia ndivyo nilivyozidisha mafuta. Nikaijaza kipande cha mbao cha ukubwa wa bastola, nikaifuta, nikaiacha juani tena. Jioni ilikuwa imerudi umbo lake. Ukiiangalia, ni ile ile. Ukiibonyeza ukingo, inakunjika kama sikio la mbuzi.

Nilibonyeza. Sitawadanganya. Nilibonyeza, nikaona inavyokunjika, nikaibana kwenye kanzu ya Ijumaa.

Nilijiambia Baba ataitia mezani, ataona. Lakini nilijua kwamba Baba alikuwa ameacha meza miezi mingi nyuma. Mtu akizoea kitu cha hatari hukifanya kama kuvaa viatu. Alikuwa akiisukuma bastola moja kwa moja mfukoni, simu mkono wa pili. Nilimwambia mara moja, "Baba, mezani." Akacheka, "Mishi, umekuwa askari?" Basi nikaacha. Na ile risasi moja alikuwa bado akiiweka tayari ndani.

Ijumaa, kabla ya adhana ya pili. Mimi niko mlango wa jikoni. Kadzo ameinama upande wa kulia wa Baba na chetezo, moshi unapanda. Baba anazungumza na simu, akafungua kabati, akachukua bastola, akaisukuma mfukoni. Nikaona bega lake linasukuma mara ya pili, kama kitu kimekataa kuingia.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliopigwa na upepo. Chetezo kikaanguka, makaa yakatawanyika juu ya zulia, na Madam akapiga kelele kwa ajili ya zulia, hakuwa ameelewa. Kadzo naye hakuwa ameelewa. Alikuwa amepiga magoti anayaokota makaa kwa mkono wake.

"Mama, makaa," akaniambia. "Makaa, Mama, zulia litaungua."

Kisha akakaa chini taratibu, akautazama ubavu wake.

Hospitali alikaa siku nne. Madam aliniruhusu kukaa naye mchana, na siku hizo alilia kweli, sitamnyima haki yake. Risasi ilikuwa imeingia chini ya ubavu ikateremka. Kiganja kilichoshika makaa walikuwa wamekifunga bandeji nyeupe, safi, kama ndicho kilichokuwa na tatizo.

Siku ya pili alipata fahamu nzuri. Akaniita nisogee.

"Mama Mishi, nilisimama vibaya?"

"Pumzika, mwanangu."

"Maana siku zote nasimama kushoto. Jana… siku ile nilisimama kulia. Nilimgonga mkono?"

Wanangu, jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno fupi, hapana. Lakini hapana ingeniuliza basi ni nini, na hapo kitandani kwa mtoto wa watu ndipo ningelazimika kulisema. Nikamwambia, "Usizungumze, unajichosha."

Siku ya tatu akasema, "Mwambie Madam nikirudi nitasimama vizuri." Nikamwambia nitamwambia. Siku ya nne, Jumatatu, kabla ya adhuhuri, akafa.

Waliokuja kuuliza waliniuliza kupitia mkalimani, nini niliona. Nikasema mafi, hakuna, nilikuwa jikoni. Ala hawakuiona; kabla hawajafika, kanzu ya Baba ilikuwa imekatwa kwa mkasi pale nyumbani, ikaenda na taka pamoja na ala. Baba aliwaambia ukweli anaoujua: nilikuwa naiingiza mfukoni, ikalia. Walimzuia huko muda, alipotoka ndevu zilikuwa nyeupe. Akaja chumba cha kufulia, mahali alipokaa juu ya ndoo siku ile ya kwanza, lakini safari hii hakukaa.

"Mishi. Ala ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, Baba."

"Basi ni mkono wangu."

Nikamwacha aende na neno hilo. Hakubeba bastola tena, na alilolibeba toka siku hiyo sidhani kama lilikuwa jepesi. Madam alinipa wembe nikaifumua mifuko. Drili nzito, uzi wa Bi Salma, haufumuki upesi. Siku tatu.

Nilimpigia simu Bi Salma. Nilisikia cherehani yake ikienda, nikamweleza toka mwanzo, na nilipofika mahali penyewe cherehani ikasimama.

"Ulitia mafuta?"

"Nilitia."

Nilisikia akiweka mkasi mezani.

"Mwanangu, mimi ntakusamehe vipi, na mimi sikufiwa? Nenda kwa mamake."

Sikwenda. Nilikaa katika kazi ile miaka mingine, Malaz kwanza, kisha Jedda kwa dada yake Madam. Nilifua, nilipiga pasi, nilifundisha wasichana saba, na kila mmoja nilimwonyesha kila kifungo cha kila nguo mpaka akachoka nami. Jamila alisema mimi ni mkali. Mbodze alisema nina wazimu wa mifuko. Niliwaacha waseme. Kama mnataka faida ya kazi katika barua hii, ni hii: kitu unachokijua peke yako ndani ya nyumba ya watu, mwonyeshe mwenzako siku hiyo hiyo. Na mwenzako akikosea, kosa lisemwe, hata kama litamrudisha ofisini. Ofisini mtu hutoka. Lakini nawajua. Mtaficha, kama nilivyoficha mimi, na mtaiita huruma.

Nimestaafu mwaka huu. Macho hayaingizi uzi tena, sina kisingizio cha kazi. Nikaenda Kaloleni. Mama yake Kadzo anaitwa Sidi. Ni mdogo kwangu, lakini tulipokaa tulionekana rika moja. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Alijua mimi ni nani. Kadzo alikuwa akimwambia katika simu, niko na Mama Mishi, usiwe na wasiwasi.

"Bwana Twalibu aliyempeleka alituambia mtoto alikuwa akiichezea bunduki ya tajiri," Sidi akasema. "Nikasema mtoto wangu ni mcheshi, lakini hakuwa mjinga. Hapa majirani mpaka leo wanasema aliyechezea bunduki."

"Hakuichezea."

"Basi ilikuwaje?"

Nikamwambia. Mfuko, ala, mashine ya kufulia, mafuta, ukingo uliokunjika nikauona unakunjika. Sikuruka kitu. Alikuwa akisuka ukili wa mkoba, na vidole vyake havikusimama hata mara moja nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza akakata ukili kwa meno.

"Kwa hiyo ulimficha asigombwe."

"Ndiyo."

"Asipelekwe huko ofisini."

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi ningemficha," akasema, na kwa muda mdogo nilidhani nimesikia mlango ukifunguliwa. Kisha akaniuliza, "Naye alijua? Kabla hajafa, alijua haikuwa yeye?"

Nikamwambia alivyoniuliza kama alisimama vibaya. Nikamwambia nilivyomjibu.

Hapo ndipo vidole viliposimama.

"Mimi ningemficha," akasema tena. "Lakini ningemwambia."

Hakulia wala hakunitukana. Alikunja mkeka, akauegemeza ukutani, akaingia ndani, na nikamsikia akianza kuosha vyombo. Kwetu mgeni husindikizwa, hata awe adui, japo hatua tatu. Nilingoja pale kwenye kiti. Jua lilipofika miguuni pangu nikainuka, nikatoka peke yangu.